Mshauri Asiyeshauri

Jumamosi, jioni. Baridi ya Julai imeng'ang'ania Moshi kama mpangaji aliyekataa kuhama. Mlima haujaonekana wiki nzima. Wageni waliokuja kuupanda wanazunguka mjini na kamera zao wakipiga picha mawingu. Nimevaa makoti mawili, la juu ni la kaka yangu na hajui, na vidole vinaandika polepole. Ila moyo, shajara yangu, moyo umechangamka kupita kiasi.

Sogea basi. Leo nina jambo la kujisifia, na bahati mbaya nusu yake siruhusiwi kuisema.

Kwa mnaopita kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni kinyozi, Majengo, saluni yenye pazia la bluu. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, tuliachana vizuri tu. Pale saluni wananiita Profesa. Jina sikujipa, ingawa sikulikataa. Mtu akikaa kwenye kiti changu, kabla mashine haijafika nyuma ya sikio ameshaniambia mambo ambayo padri wake hayajui. Nami sijawahi kumwacha mtu aondoke mikono mitupu. Nimeshauri watu waoe. Nimeshauri watu wasioe. Nimemshauri mkulima ang'oe kahawa apande nyanya, na nyanya zilipooza nikamshauri mwingine arudishe kahawa. Mwenye baa ya jirani nimemshauri mara nyingi, na baa yake bado ipo.

Kwa hiyo parokiani walipotangaza kwamba wanatafuta watu wa kufundishwa ushauri nasaha, wakae na wanaokuja kupima, na wagonjwa, na wafiwa, na wenye mambo mengine ya moyoni, nilikwenda kama mtu anayekwenda kuchukua kitu chake.

Nilidhani nitawasaidia kufundisha.

Mwalimu wetu anaitwa Mwalimu Ndeshi. Ni mama wa makamo, Mlutheri anayefundisha kwenye chumba cha Wakatoliki na hana wasiwasi wowote. Alikuwa nesi miaka mingi kabla ya kwenda kusomea kazi hii. Mfupi. Ana sweta la kijani ambalo kifungo kimoja si cha kwake. Ukimwona sokoni utadhani anatafuta vitunguu, na kweli anatafuta vitunguu, ila muuza vitunguu atakuwa ameshaanza kumweleza habari za mkwe wake.

Siku ya kwanza alituuliza, "Mshauri kazi yake nini?"

Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. "Kushauri, Mwalimu."

"Hapana. Hapa hatushauri."

Nikatazama ubaoni. Pameandikwa, kwa mwandiko wake mwenyewe, USHAURI NASAHA. Sasa ushauri ni ushauri, na nasaha ni ushauri uliovaa kanzu. Yaani jina lote ni ushauri mbele na nyuma, halafu mama huyu anasema hatushauri.

"Sasa Mwalimu, humu ndani tutakuwa tunafanya nini? Tunachoma mahindi?"

Darasa likacheka. Mwalimu Ndeshi alicheka kuliko wote, mpaka akavua miwani akaifuta kwa sweta. Kisha akasema taratibu, "Tunasikiliza. Na wewe, mwanangu, utapata taabu sana."

Nilipata taabu sana.

Alianza kwa kutunyang'anya maneno. "Usijali" likaenda. "Yataisha" likaenda. "Mwachie Mungu" likaenda, na hapo kina mama walinung'unika. Akasema Mungu ana nafasi yake, ila sisi wengi tunamtumia kumfunga mtu mdomo ili tuwahi chai. Mwisho akalichukua lile lililokuwa mtaji wangu: "hata mimi". Akasema mtu akikwambia mguu unamuuma, nawe ukajibu hata mimi, tayari umemnyang'anya mguu wake. Sasa ana maumivu na hana mguu.

Nikasimama kupinga. "Mwalimu, hata mimi nilikuwa naona..."

Sikumaliza. Darasa lilikuwa limeshaanguka kwa kicheko.

Nitasema ukweli, hapa ni kwangu. Wiki ile ya kwanza nilimwona mama huyu ni wa kawaida. Mtu wa kukaa kimya na kutikisa kichwa, hata mjusi anatikisa kichwa. Nilibadilika siku ya Mama Manka.

Mama Manka ni mwanafunzi mwenzetu, anatoka Uru, ana migomba yake, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja. Ameniruhusu nimwandike, ila kwa sharti niseme kwamba ng'ombe sasa anakula. Ng'ombe anakula, jamani.

Siku hiyo Mwalimu alitaka mtu mmoja akae kiti cha mteja alete jambo lake la kweli, si la kubuni, ili tuone kazi inavyofanywa. Watu wakatazama viatu vyao. Mama Manka akaenda. Akakaa, akafunga kanga vizuri, akaanza kusimulia habari za ng'ombe. Ng'ombe hali. Ng'ombe amekonda. Ng'ombe anasukuma majani kwa pua kisha anamtazama. Alivyoendelea, mimi huku nyuma nilikuwa nimeshapata jibu, nikamnong'oneza jirani yangu: apewe magadi. Jirani akasema ni minyoo. Tukaanza kubishana.

Mwalimu Ndeshi hakusema magadi wala minyoo. Alikaa na ng'ombe yule kana kwamba hajawahi kusikia habari ya maana kama ile tangu azaliwe. Halafu akauliza kitu kimoja, kwa sauti ndogo tu:

"Zamani majani alikuwa anakatiwa na nani?"

Mama Manka akaishika kanga aliyoifunga. "Mae," akasema, kama tunavyosema Wachagga jambo likitugusa, si kwa mtu. Kisha akasema, "Baba Manka."

Baba Manka walikuwa wamemzika kabla ya masika. Sote tulijua, tulishampa pole siku ya kwanza, tukaendelea na chai. Pale ndipo alipolia. Na Mwalimu hakumrukia. Hata kitambaa hakumpa haraka. Baadaye alituambia kitambaa kikija mapema mtu anaelewa kwamba anaambiwa anyamaze. Alimngoja. Na uso wa Mama Manka, shajara, sijui niuelezeje. Uliwahi kuona mtu anaposhusha mzigo wa ndizi kichwani, zile sekunde shingo inapokumbuka kwamba ni shingo? Basi ulikuwa hivyo.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mgomba nikijifanya naangalia simu. Nimenyoa vichwa vingi. Nimeambiwa siri nyingi. Sijawahi kuona uso unafunguka namna ile kwenye kioo changu.

Nikasema, hii ninaitaka.

Kutaka si kuweza. Kwenye maigizo niliharibu, nikarudia kuharibu. Siku moja Mama Manka aliigiza mama mwenye kijana mlevi, mimi ndiye mshauri. Kabla hajamaliza kunieleza kijana anakunywa nini, nilikuwa nimeshamtafutia kazi kwa binamu yangu, chumba Majengo, na mchumba mwenye msimamo.

"Profesa," Mwalimu akaniambia, "huyo kijana hayupo. Ni igizo."

"Najua, Mwalimu, ila akitokea nafasi ipo."

Jumamosi iliyopita alinibakiza baada ya darasa. Alikuwa anafuta ubao, hakunitazama. Akasema juma hili kila mmoja wetu atakaa na mtu wa kweli, mtu aliyekubali kukaa na mwanafunzi, na yeye atakuwa pembeni. Atakayeweza ataendelea na mafunzo yale marefu ya mwaka, awe mshauri kamili mwenye chumba na watu wake. Asiyeweza atasaidia kugawa vipeperushi na kupanga viti.

"Wewe una moyo," akasema. "Tatizo moyo wako unatokea mdomoni. Ukiongea kuliko aliyekuja, nakurudisha kwenye mashine yako ya kunyolea, na hatutagombana."

Mimi! Kugawa vipeperushi! Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Usingizi ndio haukucheka.

Basi leo.

Asubuhi manyunyu yale membamba ambayo hayalowanishi ila yanaingia kwenye mifupa. Chumba kiko nyuma ya kanisa: viti viwili vinavyotazamana, meza ndogo, dirisha, bati juu. Mwalimu kwenye pembe, kwenye kile kiti chake cha kusukwa kwa kamba. Nilikuwa nimenyoa ndevu na kupaka mafuta. Maswali yangu ya wazi nimeyakariri, yale ya kumfungulia mtu mlango. Nimejipanga. Angekuja kijana, angekuja dada, ningemaliza kazi.

Akaja mzee.

Jina lake silijui, maana ndio utaratibu, na ningelijua nisingeliandika. Anatoka kijiji kimoja kati ya vijiji vyote vya mlimani. Alivaa kofia. Wala haikuwa kofia, nimeibadilisha, kwa hiyo wewe unayewaza "huyu si mzee fulani?" acha kabisa. Tumwite Meku, kama tunavyowaita wazee wote kwetu, ukimtafuta Meku utawapata wengi.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba."

Hapo ndipo nilipofungwa bao. Kwenye mafunzo yote hakuna aliyetuambia nini kinatokea baada ya marahaba. Mimi ndiye mshauri, yeye ndiye aliyekuja, sawa. Lakini ukishamwamkia mtu na akapokea, umeshakuwa mtoto, na mtoto wa Kichagga haanzi kumwuliza mzee maswali ya wazi wala ya kufungwa. Anangoja aulizwe.

Akaniuliza. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikajibu.

"Ukoo gani?"

Nikajibu.

"Ahaa, wale wa Kilema. Nawajua. Baba yako mzima?"

"Mzima, baba."

"Umekwenda kumwona lini?"

"Pasaka."

"Pasaka!" Akamgeukia Mwalimu kama anayetafuta shahidi. Mwalimu alikuwa anatazama manyunyu dirishani. "Kilema ni hapa tu, unasema Pasaka kama mtu anayekaa Ulaya. Umeoa?"

"Bado, baba."

"Kazi?"

"Kinyozi."

Akanitazama kichwani kwa muda. "Unanyoa wenzako, na chako umekiacha hivyo?"

Wenzangu wanalipia mtindo huu, ila sikusema. Nilisema, "Nitapunguza, baba."

Na mvua ya ushauri ikanyesha. Nioe, tena nioe mtu anayejua kupika mtori, si hawa wa kupaka rangi. Nisiuze sehemu yangu ya kihamba, shamba la ukoo, hata wakija na gari. Nipalilie migomba ya mama. Nipunguze nywele. Na zaidi ya yote, niende nyumbani, nisingoje kuitwa.

"Maana baba haiti," akasema. "Baba anakaa tu kwenye kiti chake, anasikiliza mbwa. Mbwa akibweka, anajua kuna mtu anapandisha. Anainuka. Halafu ni mtu mwingine."

"Ndiyo, baba."

"Usingoje kuitwa."

"Ndiyo, baba."

Akarudi kwenye kuoa. Akapita kwenye migomba. Akarudi tena kwenye mbwa. Mimi naitikia tu, ndiyo baba, ndiyo baba, mikono juu ya magoti kama niko kipaimara. Maswali yangu yote niliyokariri yalikuwa yamekaa nyuma ya ulimi, yameshika adabu.

Kisha akashika kofia yake, ile isiyo kofia, akainuka.

"Haya kijana. Nimefurahi kukufahamu. Mungu akusaidie."

Mteja alikuwa amenishauri, amemaliza, anaondoka. Na alikuwa mshauri mzuri kuliko mimi.

Nilikuwa nimefeli bila hata kushauri. Nadhani ni mtu wa kwanza Moshi nzima.

Nikamtazama Mwalimu. Kumwomba, sikatai. Angesema neno moja tu, "Mzee, keti kidogo," kila kitu kingekaa sawa, na mimi ningekwenda kuchukua vipeperushi vyangu kwa amani. Hakusema. Lakini hakunikasirikia pia. Alinitazama vilevile anavyowatazama watu wote, yule muuza vitunguu, Mama Manka na ng'ombe wake: kama mtu ambaye ana jambo la maana la kusema, na yeye ana muda wa kulingoja.

Sijawahi kutazamwa hivyo na mwalimu. Walimu wangu wa zamani walikuwa wananitazama kama saa ya kutoka.

Na ndani ya mtazamo ule nikatulia. Nilipotulia, nikamsikia mbwa.

Mbwa wa Meku. Alikuwa amebweka chumbani humo tangu mwanzo, amerudi na kurudi, na mimi naitikia ndiyo baba nikidhani naambiwa habari za baba yangu. Baba yangu hana habari na mbwa. Baba yangu akisikia mbwa anamrushia gunzi. Huyu aliyekuwa anasikiliza mbwa, anainuka, halafu ni mtu mwingine, alikuwa amesimama mbele yangu, mkono kwenye kitasa.

Ng'ombe wa Mama Manka, nikawaza. Ni ng'ombe yuleyule.

"Baba," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mwanafunzi wa darasa la nne. "Huyo mbwa akibweka... ukainuka... halafu ni mtu mwingine."

Nikanyamaza.

Ni hayo tu, naapa. Wala halikuwa swali, ni maneno yake mwenyewe nilimrudishia. Na usidhani ilikuwa rahisi, kwa sababu mdomoni kulikuwa na foleni. "Usijali baba." "Atakuja tu." "Vijana wa siku hizi ndivyo walivyo." "Hata mimi." Yalijipanga nyuma ya meno kama wateja wangu wa mkesha wa Krismasi, Wachagga wote wa Dar wamerudi na wote wanataka kunyolewa kabla ya kupanda mlimani. Kila neno linasema mimi ndiye niliyetangulia. Nikafunga duka.

Manyunyu juu ya bati. Mtu anapita nje akivuta gunia. Meku amenipa mgongo.

Nilikuwa najua kwamba nikifungua mdomo sasa, anaondoka. Atateremka ngazi na lile alilolibeba kutoka juu mlimani, na atapanda nalo tena, na itakuwa mdomo wangu ndio uliomrudishia begani. Suala la vipeperushi, nakuambia kweli, lilikuwa limenitoka kichwani.

Akaachia kitasa. Akarudi. Akaweka kofia juu ya meza.

Akakaa.

Hapo ndipo nusu yangu inapoishia.

Najua unashusha ukurasa kutafuta alichosema. Hakuna. Shusha tu utafika chini. Nilimwuliza Mwalimu kama hata hayo ya mbwa naruhusiwa kuyaandika, akafikiri, akasema alichonishauri mzee ni changu, alichoniambia ni chake. Basi mbwa ni wangu. Yaliyofuata nimeyafunga, na ufunguo nimeumeza, na unanijua nilivyo, kwa hiyo uone kazi niliyonayo.

Ninachoweza kusema ni upande wangu. Sikusema jambo lolote la akili. Kuna mahali alinyamaza muda mrefu na mimi nikanyamaza naye, na kimya kile hakikuwa kibaya, kilikuwa kama watu wawili wanaongoja ndizi ziive jikoni. Alipomaliza alijifuta uso kwa kiganja, akacheka kidogo, akanipa mkono. Mlangoni akamwambia Mwalimu:

"Kijana wako mzuri. Haongei sana."

Haongei sana! Shajara, nilitaka kumfuata mpaka stendi aniandikie.

Mwalimu akaanza kurudisha viti ukutani. Nikamsaidia. Nikangoja sifa. Hazikuja. Nikakohoa.

"Vipi, Mwalimu?"

"Vipi nini?"

"Si hivyo... nilivyofanya."

"Pale alipokuwa mlangoni," akasema, "ulitaka kusema nini?"

"Mambo mengi sana. Mdomo ulikuwa unaniwasha, Mwalimu, nusura nife."

"Nilikuona. Shingo ilivimba." Kisha akatabasamu, akasema lile neno alilotukataza tangu siku ya kwanza.

"Hata mimi."

Akafungua viganja akanionyesha. Vilikuwa vyekundu, na juu yake mistari ya zile kamba za kiti, imezama kama chapa. Alikuwa amevikalia. Muda wote ule, Meku ananichambua ukoo na nywele, mimi naitikia kama kasuku, Meku anashika kitasa, mama huyu mwenye kazi yake, mwenye miaka yake, aliyewafundisha wenzetu wangapi sijui, alikuwa amekalia mikono yake mwenyewe ili asije akainuka kuniokoa.

Mimi nilidhani yeye ni mtulivu kama wengine walivyo warefu. Nilidhani utulivu amezaliwa nao. Kumbe kila siku anaufanya upya, na unamwacha na alama.

Nikachukua kiti cha mwisho, nikakiweka ukutani.

"Umenyamaza vizuri," akasema. Akavaa koti lake juu ya sweta, akachukua kikapu. "Jumatatu uje mapema. Kuna mtu."

Akaenda sokoni.

Nimesifiwa maishani, sidanganyi. Nimesifiwa mkono mwepesi, nimesifiwa mtindo, kuna dada mmoja wa Pasua alinisifu macho. Kusifiwa kunyamaza, hii ni mara ya kwanza, na marehemu bibi yangu angesikia angefufuka aulize ni mimi yupi.

Nilipofika saluni, Dula, mshikaji wangu tunayefanya naye kazi, alikuwa ameshawaandaa wateja. Wote wanajua leo nilikuwa na mtihani.

"Profesa! Haya, toa ripoti. Alikuja nani?"

"Mtu."

"Mtu gani? Mwanamke, mwanamume? Ana nini?"

"Mtu, Dula."

"Alisemaje?"

"Marahaba."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Dula akawageukia wateja. "Amefeli huyu. Tazameni uso. Profesa amefeli kunyamaza, mtihani ambao hata jiwe linafaulu!"

Wakacheka mpaka aliyekuwa na sabuni usoni akaimeza. Siku nyingine ningewamaliza. Nina maneno ya Dula ya kumtosha mpaka Krismasi, nayajua madeni yake ya mapenzi yote. Nikachukua taulo, nikalikung'uta, nikamwita anayefuata. Wacha wacheke. Kile nilichokuwa nacho kilikuwa kimekaa kifuani kama chai ya moto, na kingepoa kama ningekifungua.

Nikamnyoa yule mteja kutoka mbele hadi nyuma bila kusema neno. Nilipofika nyuma ya sikio akaniangalia kwenye kioo, akauliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Akanyamaza. Nikanyamaza. Kisha akashusha pumzi, akasema, "Unajua, Profesa..."

Na hayo nayo siandiki. Mtanizoea.

Kijana wa hapa intaneti ameanza kuzima taa za upande ule, anataka kufunga. Ananiona nacheka peke yangu mbele ya kompyuta, anadhani nachati na mchumba. Meku angefurahi.

Kesho ni Jumapili. Misa ya kwanza, halafu napanda Kilema. Nywele nimezipunguza, Dula ndiye amezipunguza, akicheka. Najua itakavyokuwa: mama ataleta mtori, baba atapokea shikamoo yangu, ataniuliza habari za mjini, nami nitazitoa, maana habari ninazo, nitaongea mpaka bakuli lipoe na kuondoka nitaondoka sijui hata goti lake linamsumbua upande gani. Ndivyo tunavyofanya siku zote, na wote tunaona ni mazungumzo.

Je, nitaweza kumwuliza za kwake, kisha niikalie mikono yangu?

Na labda nilikosea kusema baba yangu hana habari na mbwa. Gunzi huwa analirusha, ndiyo. Lakini sasa nakumbuka kwamba kabla ya kulirusha, huwa anatazama kwanza njiani.

Basi kesho mbwa wa kwetu akibweka, nataka iwe ni mimi.